Kiangazi cha Kisauni si kile cha kwenye pakiti

Swali:

"Assalaam aleikum, mwalimu. Nakaa Kisauni, Mombasa. Mbele ya nyumba nina ua mdogo, hatua nane kwa tano hivi, na ua wenyewe hauna ua hata moja. Kila mwaka napanda, na kila mwaka kaskazi, upepo wa kiangazi, ikishika vyote vinakauka. Dada yangu aliyeko Uingereza aliniletea pakiti mbili za mbegu, lavenda na delfiniamu. Zimeandikwa kuwa ni za kudumu na huchanua Juni hadi Septemba. Nilizipanda mwezi wa Mei. Lavenda zikaota, mpaka leo ni majani matupu. Delfiniamu hazikutokeza kabisa. Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Upande mmoja kuna ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Nina watoto wawili wadogo, na mbuzi wa jirani hawana adabu. Nataka maua ya kupanda mara moja, yachanue kiangazi kizima, Desemba mpaka Machi, nisianze upya kila mwaka. Nipande nini?"

Jibu:

Waaleikum salaam, dada. Nimecheka hapo pa ua usio na ua, kisha nikasikitika, maana barua kama yako hunijia zaidi mwezi wa Aprili, wenyewe wakiwa wameshazika miche yao. Wewe umeandika Septemba. Umewahi, na kuwahi kwenyewe ni nusu ya dawa.

Kwanza tuimalize habari ya pakiti. Haikukudanganya, ilikuwa ikizungumza na mtu mwingine. Mchana wa London mwezi wa Juni una saa 16 na nusu. Desemba haufiki saa 8. Mimea ya huko huishi kwa kuhesabu saa hizo. Lavenda ya Kiingereza hutaka kwanza ipigwe na baridi, halafu mchana urefuke, ndipo itoe maua. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote havipitani hata nusu saa. Kwa hivyo lavenda yako imekaa pale ikingoja baridi isiyokuja, na katika kungoja inafanya majani. Delfiniamu nayo mbegu yake hutaka udongo wa baridi ndipo iote, na udongo wa Kisauni hata mwezi wa Julai kwake ni jiko. Hukukosea kupanda. Hata mimi ningezipanda matokeo yangekuwa yaleyale.

Halafu hili neno "kudumu". Kule, mmea wa kudumu mara nyingi ni ule ambao baridi huua sehemu yake ya juu, mizizi ikabaki ardhini, ukachipua tena joto likirudi. Sisi hatuna cha kuua juu, na karibu kila kichaka tunachopanda Mombasa ni cha kudumu. Ukimuuliza muuza miche kando ya barabara, "huu wadumu?", atakujibu ndio kwa kila mche alio nao, na hatakuwa amesema uongo. Muulize swali jingine: ua la mmea huu hutoka wapi kwenye tawi?

Jibu la swali hilo unaweza kulipata mwenyewe leo. Nenda kwenye bogenvilia yoyote hapo mtaani kwenu, ushike tawi moja ulifuate kutoka shinani. Sehemu ya chini ni mti mtupu, ngumu, ya kahawia, ina miiba. Mbele yake utakuta kipande cha kijani, laini, hata kucha inaingia. Rangi yote iko hapo, kwenye kipande hicho kipya. Na ukiwa hapo, chungulia ndani ya yale "maua" matatu ya waridi: ni majani yaliyovaa rangi, ndiyo maana ukiyafikicha yanalia kama karatasi. Ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe cha katikati ambacho watu wengi wamekufa bila kukiona.

Hibiskasi ni vivyo hivyo. Ua lake moja hufunguka asubuhi, na kesho yake utaliokota chini limejikunja kama mwavuli. La siku moja tu! Lakini kichaka hicho hicho kinaweza kukupa maua mwaka mzima, kwa sababu kila chipukizi jipya huja na matumba yake. Alamanda ni hivyo, plambago ni hivyo, asumini ni hivyo. Kwa hiyo ua lisilochoka usilitafute, halipo. Tafuta mmea unaotoa matawi mapya bila ukaidi, halafu uyaagize matawi hayo yafike wakati unaoutaka wewe.

Kuagiza kwenyewe ni kwa mkasi. Ukipogoa, mmea huchipua, na mara nyingi baada ya wiki sita hadi nane chipukizi limekomaa kiasi cha kuchanua. Hesabu kurudi nyuma: ukitaka rangi mwanzo wa Januari, mkasi uingie katikati ya Novemba, mvua za vuli zikiwa bado zinalainisha ardhi. Watu wengi hapa hupogoa Januari, kwa kuwa ndipo wanapoona kichaka kimefura kimeziba njia, wakakata na kutupa jaani kiangazi chao chote. Kisha wananiuliza mbolea gani.

Mbolea yenyewe ina mambo yake. Bogenvilia inayomwagiwa maji kila siku na kutiwa samadi kila mwezi itakushukuru kwa majani. Ile iliyosahauliwa kwenye ukuta wa nyumba iliyohamwa ndiyo utaiona inawaka. Kiu kidogo huiambia ichanue. Ndiyo sababu kaskazi, inayoua maua mengine, kwake ni sikukuu.

Sasa tuje kwenye linaloua miche yako kila mwaka, maana sidhani ni jua. Umesema maji ni ya kisima na yana chumvi. Chini yetu hapa ni mawe ya matumbawe, yaani chokaa tupu. Maji yanayopita humo hutoka na chokaa yake, na visima vilivyo karibu na bahari huongezewa chumvi, hasa kaskazi, mvua ikiwa imekatika na kila nyumba inavuta. Yaani unamwagilia maji mabaya zaidi katika mwezi ambao mmea una kiu zaidi. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki udongoni. Kufika Februari mzizi umekaa kwenye achari.

Jani litakwambia shida ni ipi. Ling'oe ulitazame kwenye mwanga. Likiwa limeungua ukingoni, kahawia inaanza nchani na kutembea pembeni huku katikati bado kijani, hiyo ni chumvi. Likiwa jani changa, la juu kabisa, limegeuka njano huku mishipa yake imebaki kijani kama ramani ya mito, hiyo ni chokaa: chuma kimo udongoni lakini chokaa imekishika, mmea haukipati. Ukiona jani kuukuu la chini ndilo la njano peke yake, pengine ni njaa ya kawaida tu, samadi itatosha.

Somo hilo nililipia. Miaka ya nyuma nilipanda iksora arobaini upande wa Nyali, mstari mzuri mbele ya nyumba ya mteja, miche yenye afya na maua mekundu kama kaa la moto. Ardhi ilikuwa vifusi vya matumbawe vilivyofunikwa udongo kiganja kimoja, na maji ya kisima. Sikuuliza. Iksora hupenda udongo wenye uchachu, nami niliipeleka kwenye chokaa kwa mikono yangu. Baada ya miezi minne majani yote yalikuwa rangi ya embe bivu. Nilirudisha pesa, na tangu siku hiyo siingii ua wa mtu bila kuomba kwanza gilasi ya maji. Nayaonja. Wengine hudhani nina kiu. Basi iksora, dada, iache, hata ukiiona inakuita barabarani. Kama roho itakataa kabisa, iwe ndani ya chungu, kwa udongo ulioununua na maji ya mvua.

Usikate tamaa na matumbawe lakini. Pale Bamburi, mashimo yaliyochimbwa mawe ya kutengenezea saruji yalikuwa jangwa jeupe, na mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, akaanza kupanda miti humo. Mingi ilikataa, mvinje ukakubali. Vijani vyake vilivyoanguka vililiwa na majongoo, kinyesi cha majongoo kikawa mboji, mboji ikawa udongo, na leo ni msitu unaotembelewa na watu. Chokaa haikuondoka, ilifunikwa tu na vilivyooza. Kwako, kisa hicho kina maana moja: usichome majani makavu, na usimwue jongoo.

Kwa hivyo kabla ya kununua mche hata mmoja, tengeneza mahali pa kuuweka. Ukipiga jembe likalia kwenye jiwe, tumia mtaimbo, na pale mtaimbo utakaposhinda, inua tuta juu ya ardhi kwa mawe ya pembeni, kimo cha goti. Jaza karai mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi ya mbuzi iliyooza mpaka haina harufu, na moja ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani hapana. Jivu pia hapana, ingawa bibi zetu walilimwaga kwenye kila shina: jivu huongeza kile kile ambacho chokaa imezidisha. Juu ya udongo tandaza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yatazuia maji yasipande hewani. Ila uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, yamekunywa maji ya bahari miezi na miezi. Hayo yaloweke na kuyasuuza mara mbili tatu, la sivyo utakuwa umeleta chumvi kwa gunia.

Kumwagilia: achana na kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni. Kunyunyiza huacha chumvi hapo hapo juu, kwenye mizizi midogo. Mmea ukishashika, mwagilia mara mbili kwa wiki lakini kwa wingi, maji yashuke na kuipeleka chumvi chini. Mwagilia shinani, usiloweshe majani, na iwe alfajiri au baada ya alasiri. Vuli ikinyesha, tega ndoo na mapipa chini ya bati, yafunike kwa sababu ya mbu, uiwekee mimea iliyo dhaifu.

Mimea sasa. Na hapa wakaguzi wako ni wawili, mbuzi na watoto, nao hawakubaliani. Mbuzi mara nyingi hukwepa kilicho kichungu mno au chenye utomvu wa sumu, kwa hivyo ua linalomshinda mbuzi ndilo hilo hilo usilotaka mtoto alitie kinywani. Itabidi tupange kwa mahali.

Ukutani, penye jua la alasiri, weka bogenvilia mbili, si zaidi, zikiwa zimeachana mita mbili. Joto la ukuta haliwezi kitu kwake, na chumvi yako ya kiasi ataivumilia. Shimo liwe na upana wa sentimita 60. Ukitoa mche kwenye mfuko, usiuvute wala usiutingishe udongo. Mizizi yake ni mepesi kukatika na mmea hununa. Chana mfuko kwa wembe, ushushe na bonge lake zima. Mbuzi ataila ikiwa changa, miiba yake bado laini, basi izungushie matawi makavu ya miiba mpaka ipite kichwa chake.

Chini, mbele ya bogenvilia, jaza vinka. Unaijua hata kama hulijui jina: petali tano bapa, waridi au nyeupe yenye jicho jekundu, inajiotea makaburini na kwenye nyufa za kuta bila kuombwa. Kwao ni Madagaska, hapo ng'ambo tu, kwa hivyo joto letu halimshangazi. Watu huidharau kwa sababu ni ya bure. Mimi naiweka ya kwanza kabisa katika orodha yako. Hutoa maua kila siku ya mwaka, maua yaliyokwisha hujidondokea yenyewe bila kuchumwa, na mmea mama akizeeka, baada ya miaka miwili mitatu, wanawe wameshaota pembeni. Achanisha sentimita 30. Adui yake ni maji mengi: masika baadhi zitaoza shina zife, usishtuke. Mbuzi haili kwa uchungu wake. Mmea huo huo ndio ulitoa vinkristini, dawa inayotibu saratani ya damu kwa watoto, lakini hiyo ni kazi ya maabara na hospitali. Jani bichi ni sumu, na watoto waambiwe hivyo.

Waridi la jangwani, lile la shina nene kama chupa, liweke kwenye vyungu viwili juu ya baraza, mahali mkono wa mtoto haufiki. Hili ni letu, linaota lenyewe katika nyika za Afrika Mashariki, na kiangazi ndio msimu wake. Utomvu wake ulipakwa kwenye mishale ya kuwindia, kwa hivyo ukilipogoa vaa glavu na unawe. Nunua la kitaluni, usikubali lililong'olewa porini. Masika likiingia, vuta vyungu chini ya paa, maana maji yakituama shina huoza kuanzia ndani na wewe unaona liko zima. Yuforbia ya miiba nayo huchanua mwaka mzima na haijali chumvi, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa. Kwako, mpaka watoto wakue, sikushauri.

Upande wa kivuli cha asubuhi au chini ya dirisha, panda pentasi, nazo pia ni za Afrika Mashariki. Vipepeo watakuja, na watoto watakuwa na shughuli. Hizi hazipendi chumvi sana. Hapo ndipo maji yako ya mvua yaende. Plambago ya buluu ya samawati ikae kando ya njia: vikonyo vyake vinanata, watoto huvibandika masikioni vikawa vipuli, na ikikatwa kwa theluthi hurudi na maua mapya. Hibiskasi ningekupa kwa moyo mweupe kama si mbuzi, na kama si wale wadudu weupe kama pamba wanaoipenda. Ukiipanda, kagua chini ya majani kila Ijumaa, uwapige maji ya sabuni mapema.

Umeuliza maua ya kutazama tu, hukutaja harufu. Lakini ulitaka lavenda, nami sidhani mtu hutaka lavenda kwa sura yake. Basi panda asumini karibu na mlango na mrehani pembeni yake. Tumba la asumini huchumwa jioni likiwa limefumba, usiku likafunguka popote ulipoliweka, na hapo kikuba, kile kifungo cha maua ya kunukia, umeshakipata bila kwenda kununua. Asumini ipogoe kama nilivyosema, nayo joto likipanda itachanua. Mrehani hutoa mashada ya zambarau ukiuacha, ila ukiuacha sana huzeeka upesi. Kata mashada, utajaa tena.

Mwaka huu fanya hivi. Sasa, Septemba, chimba matuta na uyaache yatulie. Panda mara mvua ya vuli ikilowesha ardhi kweli kweli, Oktoba au Novemba, na usipogoe kitu ila kufinya ncha za matawi kwa kidole ili yapanuke. Bogenvilia changa zipe ndoo moja ya lita 20 kila moja, mara mbili kwa wiki, mpaka mwisho wa Januari. Kiangazi hiki cha kwanza vinka na waridi la jangwani ndio watakaokupamba; bogenvilia itakuonyesha rangi kidogo tu, isamehe. Masika yatakayofuata ndiyo yataijenga mizizi. Novemba ya mwakani ndipo mkasi utaingia kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo kila Novemba.

Lavenda usizing'oe. Zihamishie kwenye chungu, uzisugue kwa mkono unapopita, majani yenyewe yana harufu. Dada yako akipiga simu mwambie zimeota. Na lango la ua litiwe komeo la chini, siyo la juu peke yake. Mbuzi wa mtaani hupenyeza pua kwanza, kilichobaki hufuata.